Chombo cha Anga Kikianguka, Tumwulize Nani?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Assalaam alaikum, Maalim. Mimi ni msomaji wako wa hapa Malindi. Baada ya sala ya alasiri huwa tunakaa barazani, wazee kwa vijana, na juzi mazungumzo yalifika kwenye vyombo vya anga. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kwamba Challenger na Columbia, vile vyombo vya Wamarekani vilivyoangamia pamoja na watu wake, vilivunjwa na Mwenyezi Mungu ili binadamu ajue mpaka wake. Kijana anayesomea ufundi akamjibu kwamba Mungu hahusiki hapo hata kidogo, ni uzembe wa watu tu. Maneno yakawa makali, mzee akaondoka amekasirika. Je, nani kati yao amesema kweli? Na ikiwa kila jambo ni kwa kadari ya Mungu, mhandisi aliyekosea analaumiwa kwa lipi?

Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu. Naona barazani kwenu hukumu ilitangulia habari, kwa hiyo niruhusu nianze na habari.

Challenger kiliruka kutoka Florida asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986 kikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Usiku uliotangulia ulikuwa wa baridi kali hata barafu ikaning'inia kwenye mnara wa kurushia. Roketi mbili za pembeni zilizokisukuma ziliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na kila kiungo kilizibwa kwa pete mbili za mpira ambazo unene wake haukufika sentimita moja, ingawa zilizunguka roketi yenye upana wa zaidi ya mita tatu. Kazi ya pete hizo ilikuwa kutanuka mara moja moto unapowaka ndani, ili gesi isipate upenyo wa kutokea. Mpira ukipoa hukakamaa na kuchelewa kurudi katika umbo lake. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, Roger Boisjoly akiwa miongoni mwao, walilijua jambo hilo, kwa sababu safari ya Januari ya mwaka uliotangulia, iliyorushwa nayo wakati wa baridi, ilirudi na pete zilizounguzwa na gesi. Usiku ule walizungumza kwa simu na wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakashauri chombo kisirushwe joto likiwa chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Wakubwa wa kampuni yao kwanza waliwaunga mkono. Baadaye, waliposhinikizwa na wale wa NASA, wakabadili kauli na kutoa idhini. Chombo kiliporushwa joto lilikuwa nyuzi 2 hivi, na baada ya sekunde 73 kilivunjika.

Katika tume iliyochunguza msiba huo alikuwamo mwanafizikia Richard Feynman. Kikao kikiendelea, kamera zikimwelekea, alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibano kidogo na kukitia katika glasi ya maji yenye barafu. Alipokitoa na kukifungua kibano, mpira ulibaki umebonyea kwa muda kabla ya kuanza kurudi. Yeyote aliyekuwa akitazama aliona kwa macho yake sababu ya vifo vya watu saba.

Columbia ulikuwa msiba wa namna hiyohiyo. Kiliruka tarehe 16 Januari 2003, na sekunde 82 hivi baadaye kipande cha povu gumu lililofunika tangi la nje, chenye uzito usiofika kilo moja, kilibanduka na kupiga ukingo wa bawa la kushoto. Wahandisi waliotazama picha za video waliingiwa na wasiwasi, wakaomba chombo kipigwe picha kikiwa huko juu. Ombi lao halikutekelezwa. Povu lilikuwa limebanduka katika safari nyingi za nyuma, na kwa kuwa vyombo vilirudi salama, watu walilizoea. Tarehe 1 Februari, kilipokuwa kikirudi duniani, gesi yenye joto kali iliingia ndani ya bawa na chombo kikasambaratika juu ya Texas. Bodi ya uchunguzi iliandika mwezi Agosti mwaka huo kwamba desturi za shirika la NASA lenyewe zilichangia ajali ile sawasawa na lile povu.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Akisema kwamba Mwenyezi Mungu aliyajua mambo hayo kabla hayajatokea, na kwamba hayakutokea nje ya uwezo wake, hakuna Mwislamu wala Mkristo wa pwani hii atakayembishia. Lakini amepiga hatua ya pili: amedai kujua ni kwa nini Mungu aliyaacha yatokee. Hilo hakuteremshiwa, wala mimi sikuteremshiwa, na ninaona ni jambo zito kumsemea Mola juu ya vifo vya watu ambao familia zao bado zinawalilia.

Hata hesabu yenyewe haikubali. Uangalie mwaka 1967. Tarehe 27 Januari wanaanga watatu wa Kimarekani wa chombo cha Apollo 1 waliteketea wakiwa bado ardhini, katika zoezi, kwa sababu chumba chao kilijazwa oksijeni tupu na mlango wake ulifungukia ndani, hata wasiweze kuusukuma watoke. Tarehe 24 Aprili, mwanaanga wa Kisovieti Vladimir Komarov alikufa chombo chake cha Soyuz 1 kilipogonga ardhi baada ya mwavuli wa kukishusha kukataa kufunguka ipasavyo. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Aprili, kutoka jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ungwana, hapo mbele ya Ngomeni, Waitaliano wakarusha setilaiti yao ya San Marco 2, nayo ikafika salama. Ikiwa kila anguko ni adhabu, basi ndani ya miezi minne Mungu aliwaadhibu Wamarekani waliokuwa wakienda makanisani, akawaadhibu Warusi ambao serikali yao ilikana dini, kisha akawapitisha Waitaliano. Mwenye kushikilia fikra hiyo itambidi atunge sababu mpya kwa kila chombo. Mwenye kuchunguza anakuta oksijeni, mlango na mwavuli.

Wakristo wa Malindi wanayo habari ya mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka: uliwaangukia watu kumi na wanane, na Yesu akauliza kama wasikilizaji wake walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha akajibu kwamba sivyo. Sisi Waislamu tunayo habari ya Sayyidna Umar alipokuwa safarini kuelekea Sham akaambiwa kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na watu wake, akaamua kurudi Madina. Sahaba mwenzake, Abu Ubaida, akamuuliza, je, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu kwamba naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye upande mmoja wa majani na upande mmoja mkavu. Popote atakapowachunga, atakuwa amewachunga kwa kadari ya Mungu. Lakini hakuna mchungaji mwenye akili atakayewapeleka upande mkavu kwa hoja hiyo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kadari imefichwa kwetu mpaka itokee, kwa hiyo haiwezi kuwa kipimo cha kuamulia la kufanya. Lililo wazi mbele ya mhandisi ni amana: apime, akague, na akiona hatari aseme. Tutaulizwa juu ya lile tulilolijua. Nahodha akipakia mashua kupita kiasi huku kusi kikivuma, ikazama na abiria, sijapata kusikia kadhi akimwachilia kwa kuwa amesema ilikuwa kadari. Wale waliopuuza onyo la usiku wa baridi kule Florida wako katika hali iyo hiyo.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu ninajua madhara ya kulinyamazia. Sisi husema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na mahali pa maneno hayo ni matangani, tunapomshika mkono mfiwa. Yakihamishiwa kwenye ripoti ya uchunguzi yanamfunga mdomo Boisjoly wa kesho. Mtu mmoja ameona pete imeungua, anataka kusema, na mkubwa wake anamwambia atawakali, yaani amwachie Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, kama amfunge au amwache na kutawakali, alimwambia amfunge kisha atawakali. Utaratibu huo haukugeuzwa na elimu yoyote iliyokuja baadaye.

Kijana wenu naye asidhani nimempa ushindi wote. Aliposema kwamba Mungu hahusiki, alitoka nje ya ufundi wake; uhandisi unaweza kumwonyesha pete iliyokakamaa, hauna chombo cha kupimia kama Mungu yupo au hayupo katika jambo. Pia alisema ni uzembe tu, na hilo si kweli kwa kila tukio. Chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa na Wamarekani kwenye sayari ya Mirihi, kilipotea tarehe 23 Septemba 1999 kwa sababu kundi moja lilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na kundi jingine likazisoma kama ni vipimo vya kimetriki, tofauti ya mara nne na nusu karibu. Kikaipita Mirihi kwa umbali wa kilomita 57 hivi badala ya zaidi ya 200. Huo nauita uzembe, maana dalili za mapema zilikuwapo na hazikufuatiliwa inavyotakiwa. Lakini setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa kutoka hapahapa Ngomeni tarehe 15 Novemba 1972 kutazama miale ya gama, aina ya mionzi yenye nguvu nyingi, ilinyamaza tarehe 8 Juni 1973 baada ya mtambo wake wa umeme kuharibika, na kwa miezi ile michache ilikuwa tayari imeleta elimu ambayo haikuwapo. Kifaa kilikufa, kama vifaa vinavyokufa. Na Februari 2022 dhoruba iliyotoka kwenye Jua ililifanya anga la juu kuwa zito, na setilaiti zipatazo 40 kati ya 49 za mtandao wa intaneti wa Starlink zilizokuwa zimerushwa siku iliyotangulia zikaburutwa chini. Dhoruba ile hakuitengeneza binadamu. Lililo juu yake ni kuamua kama arushe wakati Jua limechafuka au angoje.

Kwa hiyo mzee ana haki ya imani yake lakini hana haki ya kuisoma hukumu ya Mungu katika vifusi, na kijana ana haki ya kutaja kosa lakini ajue kupima ukubwa wake. Tena amwendee mzee nyumbani amtake radhi kwa ukali wa sauti, kisha amweleze habari ya pete za mpira kwa utaratibu. Ninaamini mzee atamsikiliza.

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi ni mama, naishi Langoni, Lamu. Mwanangu amemaliza kidato cha nne na moyo wake wote uko kwenye uhandisi wa setilaiti. Shangazi yake anasema huko ni kushindana na Mungu katika mbingu zake, na kwamba kila chombo kinachoanguka ni onyo. Nimeingiwa na hofu. Nimruhusu?

Mama, Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mruhusu, na umwombee.

Mpe shangazi habari hii, ambayo naamini anaijua. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Kama kuna siku ambayo mtu angependa mbingu zimlilie, ni ile. Mtume aliwasalisha, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu yeyote wala kwa uhai wake. Aliyekataa kulifungamanisha jua na msiba wa nyumba yake mwenyewe ametufundisha tusikimbilie kuyafungamanisha ya mbinguni na yetu.

Waislamu wamekwishakwenda huko juu na hawakuiacha dini. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alisafiri katika chombo cha Discovery mwezi Juni 1985. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga mwaka 2007, ikiwa ni Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa kusali na kufunga akiwa huko, namna ya kuelekea kibla na nyakati za kufuata. Wanazuoni hao wasingejishughulisha hivyo kwa safari wanayoiona ni uasi.

Ama juu ya dua, tazama India. Wakuu wa shirika lao la anga wana desturi ya kwenda hekaluni kuomba kabla ya kurusha. Mwezi Septemba 2019 chombo chao cha Vikram kilianguka kwenye Mwezi kilipokuwa kikitua. Injini zilisukuma kuliko ilivyokadiriwa, tofauti ndogondogo zikajumlika, na chombo hakikuweza kujisahihisha kwa haraka iliyotakiwa. Walirudi mezani, wakaipitia kila hatua iliyoharibika na nyingine ambazo zingeweza kuharibika, na tarehe 23 Agosti 2023 chombo cha Chandrayaan-3 kikatua salama karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Dua ilikuwapo mara zote mbili. Sithubutu kusema kwamba ya kwanza ilikataliwa. Ninachokiona ni kwamba hesabu za mara ya pili zilikuwa bora.

Hata setilaiti yetu ya Taifa-1 iliahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa kabla ya kurushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Wako waliokata tamaa wakidhani ni nuksi. Kuahirisha ndiko kulikokuwa kazi nzuri, na laiti kule Florida mwaka 1986 wangeahirisha. Mwanao akijifunza kusema "leo tusirushe" mbele ya wakubwa wanaotaka kurusha, atakuwa amefika mbali katika kazi yake na katika dini yake pia.

SWALI: Maalim, sisi wa Ngomeni tumeishi na habari za roketi tangu enzi za babu zetu. Lile pete la chuma lililoanguka Makueni, kama lingeangukia nyumba yangu, ningeambiwa ni kadari nikae kimya, au kuna wa kulipa?

Mvuvi, Ngomeni

JIBU: Kuna wa kulipa, ndugu yangu. Pete lile, lenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, lilianguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi ambacho kwa kawaida hutarajiwa kuungua kinaporudi au kuangukia mahali pasipo na watu. Halikuua mtu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini shukrani hiyo haifuti deni la mtu.

Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaohusu hasara zinazosababishwa na vyombo vya anga. Kwa hasara inayotokea juu ya ardhi, nchi iliyorusha inawajibika kulipa bila aliyeumia kulazimika kuthibitisha kwamba palikuwa na uzembe. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti iitwayo Kosmos 954, iliyokuwa na tanuri la nyuklia ndani yake, ilisambaratika juu ya kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai, na mwaka 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni tatu za Kanada. Hakuna aliyewaambia Wakanada kwamba ni majaaliwa.

Dai la namna hiyo hupelekwa na serikali kwa serikali, kwa hiyo ukiona kipande kimeanguka usikiguse wala usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kipige picha ukiwa mbali, umjulishe chifu na polisi, na uandike kila kilichoharibika. Na jambo moja linawahusu ninyi wa Ngomeni kuliko wengine: kwa mkataba huo, nchi ambayo chombo kimerushwa kutoka katika ardhi yake nayo huhesabiwa kuwa mrushaji. Roketi zikianza tena kuruka kutoka Ghuba ya Ungwana, mkae na wahusika mapema, mwulize ni nani atakayekagua, onyo la fundi litamfikia nani, na kama neno lake la kusimamisha safari litasikilizwa.